Kaunta Iwe Darasa la Mwisho

Msimu wa fildi ukifika, vijana wa vyuo vya afya husambaa kwenye famasi za mitaani, kuanzia Dar es Salaam hadi Mwanza na Mbeya. Huja na koti jeupe lililopigwa pasi, kitabu cha mazoezi kinachosubiri saini ya msimamizi, na hamu ya kusimama kaunta. Siku ya kwanza tu utaona macho yao yanakwenda mbele wanakoingia wateja, wakati wewe unawaelekeza stoo. Naielewa hamu hiyo, maana kaunta ndiko kazi inakoonekana. Lakini kwa muda wote ambao nimewapokea na kuwasimamia vijana hawa, nimezidi kuamini kwamba famasi inayomweka mwanafunzi kaunta wiki ya kwanza inamkosea yeye, na inamkosea zaidi mgonjwa.

Kwa Watanzania wengi famasi ndiyo hospitali ya kwanza. Mtu akiamka na homa, au mtoto akianza kuharisha usiku, safari ya kwanza ni duka la dawa la mtaani. Pale hakuna foleni, hakuna kadi ya kufungua, hakuna ada ya kumwona daktari. Atakayemkuta nyuma ya kaunta atamwita "dokta", hata kama kijana huyo alifika juzi, na akiambiwa kunywa viwili kutwa mara tatu atakwenda kunywa viwili kutwa mara tatu. Kazi yenye imani kubwa namna hiyo hapewi mtu ambaye bado hajui dawa imetoka wapi, imehifadhiwaje, na kwa nini imewekwa rafu ile na si nyingine.

Kwa hiyo tunaanzia stoo, mzigo unapoingia. Dereva wa msambazaji siku zote ana haraka. Anashusha katoni, ananyoosha invoisi, anataka saini na mhuri aondoke. Somo la kwanza la mwanafunzi ni kutosaini kabla ya kufungua. Aangalie jina la dawa, kisha nguvu yake, kwa kuwa maboksi ya amoksilini ya miligramu 250 na ya miligramu 500 kutoka kiwanda kimoja yanaweza kufanana mpaka rangi ya maandishi. Aangalie namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi kama inalingana na iliyo kwenye invoisi. Namba hiyo wanafunzi wengi huiruka, wakidhani ni mambo ya kiwandani, ilhali siku Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, itakapotangaza kuondoa toleo fulani sokoni, ndiyo itakayokuonyesha kama dawa hiyo ipo kwenye rafu zako au haipo. Tarehe ya kuisha muda isomwe kwenye boksi, isomwe tena kwenye stripu ndani. Lakiri iwe haijaguswa. Jina la dawa lililokosewa herufi, karatasi ya maelezo iliyofifia wino, vidonge vyenye madoa: hizo ni sababu za kurudisha mzigo palepale, dereva anune asinune.

Wasiwasi huu una msingi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, karibu bidhaa moja kati ya kumi za tiba ni bandia au haina ubora unaotakiwa. Mgonjwa hana namna ya kuligundua hilo kwa macho. Mlango wa stoo ndio mahali ambapo mtu mwenye mafunzo anaweza kulizuia, na ndiyo sababu namtaka mwanafunzi ausimamie mlango huo mpaka kukagua kuwe tabia yake.

Kutoka hapo tunakwenda kwenye rafu. Kila mpanga rafu hujua kanuni ya dawa inayowahi kuisha muda kutoka kwanza, kwa hiyo mzigo mpya wenye tarehe ya mbali hukaa nyuma na wa zamani husogezwa mbele. Kusema ni rahisi, kufanya kila siku huku wateja wamejaa kunahitaji nidhamu. Zilizoisha muda hutolewa, huandikwa kwenye leja na kufungiwa kwenye boksi lake lenye maandishi makubwa, zikisubiri kuteketezwa kwa utaratibu wa mamlaka. Haziendi kwenye pipa la taka, ambako mtoto au mwokota chupa atazikuta.

Kisha kuna majina yanayofanana. Metformini ni dawa ya kisukari, metronidazoli ni dawa ya maambukizi ya tumbo na mengineyo ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl. Ukizipanga rafu moja kwa kufuata alfabeti, zitakaa bega kwa bega, na mkono uliochoka saa tatu usiku utachukua isiyo yake. Prednisoloni na propranololi nazo ni hivyohivyo: moja hutuliza uvimbe na mzio, nyingine hupunguza mapigo ya moyo na ni hatari kwa mwenye pumu. Mwanafunzi anafundishwa kuzitenganisha dawa za namna hiyo kwa makusudi, na kusoma jina mara tatu: anapoichukua, anapoihesabu, na anapoikabidhi.

Dar es Salaam ina jambo lake jingine la kufundisha, nalo ni joto. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na mwezi wa Februari chumba chenye bati na kioo kikubwa cha mbele kinapita hapo kabla ya adhuhuri. Kipimajoto cha ukutani husomwa asubuhi na mchana, namba ikaandikwa. Jokofu lina kipimajoto chake, nalo linatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Humo ndimo insulini inamolala. Insulini ikipata joto kwa muda mrefu hupoteza nguvu, na ikiganda inaharibika moja kwa moja, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Kwa hiyo haibanwi kwenye ukuta wa nyuma wenye barafu, wala haiwekwi mlangoni ambako kila anayefungua huiletea joto. Soda ya mtu na chakula cha mchana havina nafasi humo. Umeme ukikatika, mwanafunzi anajifunza kutofungua jokofu bila sababu, kuandika saa ulipokatika na saa uliporudi, na kumwita mfamasia aamue kuhusu kilichomo. Mwenye kisukari anayejidunga insulini iliyoharibika huona sukari haishuki, akadhani ugonjwa umezidi.

Baada ya hapo ndipo tunaanza vyeti vya madaktari. Vifupisho vya Kilatini vinashikika haraka: OD mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu, PRN pale mgonjwa anapohitaji. Kinachomsumbua mwanafunzi ni mwandiko. Hapa nina sheria moja isiyo na msamaha: hakuna kukisia. Neno lisilosomeka linapigiwa simu kwa aliyeliandika. Mgonjwa atakasirika kusubiri, na wakati mwingine daktari naye atakasirika kuulizwa, lakini simu hiyo ipigwe. Cheti kinasomwa pia kwa akili. Mtoto wa kilo 10 akiandikiwa dozi ya mtu mzima, aliyekiona cheti mwisho kabla ya mtoto kunywa ni wewe.

Kuhesabu vidonge ni kazi ndogo yenye mambo mengi. Vidonge vya kopo humiminwa kwenye trei, vikasogezwa vitano vitano kwa spachula, kamwe si kwa kiganja. Trei ikishapita dawa ya jamii ya penisilini inafutwa vizuri kabla ya kuweka nyingine, kwa kuwa vumbi lake linaweza kumdhuru mwenye mzio. Kidonge kilichoanguka chini hakirudi kwenye kopo. Kisha bahasha: jina la mgonjwa, jina la dawa, nguvu yake, idadi, na namna ya kunywa kwa maneno kamili. Mimi sipendi bahasha iliyoandikwa 1x3 peke yake. Kwa amoksilini namtaka kijana aandike saa: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Akiandika hivyo, mama wa nyumbani na fundi wa gereji wote wataelewa kwamba dawa imegawanywa siku nzima. Bila hivyo, wengi hunywa vitatu kati ya chai ya asubuhi na chakula cha jioni, kisha usiku kucha mwili unabaki bila kinga.

Dawa ya maji ya mtoto ina somo lake, na mwanafunzi hulifanya mbele yangu mpaka nisiwe na la kusema. Chupa ya amoksilini ya unga inagongwa kwanza kiganjani ili unga uliogandamana chini uachie. Maji yaliyochemshwa na kupoa yanatiwa nusu, chupa inatikiswa, povu linaachwa litulie, ndipo maji yanaongezwa hadi kwenye alama. Ukijaza kwa mkupuo mmoja juu ya unga mkavu, utapata mabonge, na maji yatapita alama au hayataifikia, kwa hiyo kila kijiko kitakuwa na dozi yake. Tarehe ya kuchanganya inaandikwa juu ya chupa. Mama anaambiwa atikise kila anapotoa, atumie kijiko cha kipimo au bomba lililokuja na dawa, aache kijiko cha chai cha jikoni, na baada ya siku saba kinachobaki kimwagwe, asikiweke akiba ya homa ijayo. Mwisho anaulizwa arudie aliyoambiwa. Wanafunzi huona haya kumwuliza mtu mzima arudie. Nawaambia waulize kwa adabu: "Mama, hebu niambie utampaje, nijue kama nimekueleza vizuri." Ukiuliza hivyo, lawama unaibeba wewe, naye anajibu bila kuona anatahiniwa.

Ndipo anakwenda kaunta, nami nikiwa pembeni yake. Hapo atakuta wateja wengi hawaji na cheti. Wanakuja na jina. Nipe Azuma. Nipe Flagyl mbili. Nipe dawa ya UTI. Mzee anaingia, kijana anamwamkia shikamoo, mzee anaomba diklofenaki ya mgongo. Mkono wa kijana unakwenda rafuni, na hapo ndipo namshika bega. Hajauliza kitu. Mzee ana presha? Ana vidonda vya tumbo? Figo zake zikoje? Ni dawa gani nyingine anakunywa nyumbani? Dawa za kundi hilo hupandisha presha, huumiza figo na huweza kutoboa tumbo lenye kidonda. Mara nyingi jibu la mzee hubadilisha kila kitu: presha anayo, ila dawa aliacha alipojisikia vizuri. Sasa mazungumzo si ya mgongo tena. Presha haiumi, na kuacha dawa kwa sababu hujisikii vibaya ndiko kunakowapeleka wengi kwenye kiharusi. Kijana aliyefika hapo kwa maswali mawili amefanya kazi kubwa kuliko mauzo ya siku nzima.

Maswali hayo hayana ugumu wowote kuyakariri: dawa ni ya nani, ana umri gani, imeanza lini, ameshakunywa nini, ana mzio, ana mimba au ananyonyesha. Ugumu ni kuyauliza huku watu watano wamesimama nyuma na mmoja anagonga sarafu kwenye kioo. Mwanafunzi anajifunza pia dalili zinazomaliza mazungumzo ya dawa na kuanza ya hospitali. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea, hauziwi kitu cha kwenda kujaribu nyumbani. Anaelekezwa hospitali dakika hiyohiyo, na bodaboda anaitiwa ikibidi.

Lipo pia suala la siri. Msichana anasubiri duka liishe watu ndipo aombe P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Mwanamume anainama kaunta na kunong'ona kuhusu nguvu za kiume. Wote wawili wana swali la kitabibu la kuulizwa. Kwa msichana, tendo lilifanyika lini, kwa sababu P2 hutumika ndani ya saa 72 na kadiri inavyowahi ndivyo inavyosaidia. Kwa mwanamume, kama anatumia dawa za moyo za jamii ya nitrati, kwa kuwa zikikutana na sildenafili presha inaweza kushuka kwa hatari. Kijana anayetabasamu vibaya au kupaza sauti atamfukuza mtu huyo aende akanunue vichochoroni kwa asiyeuliza lolote. Namfundisha kusogea pembeni, kushusha sauti, na kuuliza kama anavyoulizia kikohozi.

Lakini mtihani mkubwa wa kaunta ni nusu dozi. Mteja ana shilingi elfu mbili, anataka antibayotiki za elfu mbili. Mwenye duka anataka mauzo, mteja anataka nafuu, na mwanafunzi amesimama katikati. Kabla ya kukataa, kijana anafundishwa kutafuta njia. Je, dawa hiyohiyo ipo ya kiwanda kingine kwa bei ya chini? Kujua kwamba jina la kibiashara na jina la asili ni dawa moja ni ujuzi unaomwokolea mgonjwa fedha kila siku. Je, kweli anahitaji antibayotiki? Mafua na vikohozi vingi husababishwa na virusi, na antibayotiki haziui virusi. Mtoto anayeharisha maji, kinachomsaidia kwanza ni ORS na vidonge vya zinki, na vyote ni rahisi kupatikana. Ikiwa dawa inahitajika na fedha haitoshi, anaelekezwa zahanati au mfamasia anaamua. Dozi haikatwi.

Naongea kwa ukali kuhusu hili kwa sababu nchi hii imeshaona linavyokwenda. Wakubwa zetu wanaikumbuka klorokwini na miwasho yake. Ilitibu malaria kwa miongo mingi mpaka vimelea vikaizoea, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha kama dawa ya mstari wa kwanza, ikahamia SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini. SP nayo haikudumu, na kufikia mwisho wa 2006 tukaingia kwenye dawa ya mseto, ALu, tunayotumia mpaka leo. Mtu mzima anakunywa vidonge 24 kwa siku tatu, vinne kwa kila mkupuo: wa kwanza papo hapo, wa pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili mwili uipokee vizuri. Na mwongozo wa tiba unataka apimwe kwanza. Anayekunywa siku moja akapata nafuu na kuweka vilivyobaki kabatini anarudia ileile njia ya klorokwini. Kwa bakteria hali ni nzito zaidi: watafiti walikadiria kuwa mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Kampeni ya Holela-Holela Itakukosti imelitangaza jambo hili redioni na mitaani, lakini holela inauzwa kaunta, na itakomea kaunta.

Mambo ya mahesabu hayanihangaishi sana, kwani kijana wa leo huyashika haraka. Risiti ya EFD hutolewa kwa kila mauzo, fomu za bima hujazwa bila kuruka namba ya uanachama, hesabu ya siku hufungwa. Daftari la dawa zinazodhibitiwa ni habari nyingine. Diazepamu na tramadoli hukaa kwenye kabati lenye kufuli, hutoka kwa cheti, na kila kidonge kilichotoka kina mstari wake. Mwanafunzi hagusi funguo. Anaangalia, anaandika, anahesabu pamoja na msimamizi, na siku moja funguo zitakuwa zake.

Sasa niseme linaloniuma. Zipo famasi ambazo cheti cha mfamasia kimening'inia ukutani na mwenyewe haonekani, na anayewahudumia watu kuanzia asubuhi mpaka usiku ni mwanafunzi wa fildi, peke yake, bila posho. Mwenye duka anaita hayo mafunzo. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 inaiweka taaluma hii chini ya Baraza la Famasi ili dawa zisimamiwe na mtu aliyesajiliwa, na msimamizi asiyekuwepo hasimamii kitu. Kijana aliyeachwa hivyo anajifunza kazi kweli, ila anajifunza kuuza haraka, kukata stripu kwa mkasi na kukubali kila jina analotajiwa. Tabia hizo atakwenda nazo kwenye ajira, na kuzing'oa baadaye ni kazi kubwa. Kwamba mafunzo mazuri huleta mabadiliko, ushahidi tunao hapahapa nchini. Mwaka 2003 mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianza kwa majaribio mkoani Ruvuma kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Watoa dawa walifunzwa, maduka yakakaguliwa, orodha ya dawa zinazoruhusiwa ikawekwa wazi, na mpango huo ukaenea nchi nzima.

Wenye famasi, nawaomba mambo mawili. Mwanafunzi asiachwe peke yake kaunta, hata kwa nusu saa ya chakula cha mchana. Na mlipeni posho ya nauli na mlo, kwa sababu kijana mwenye njaa hawezi kusoma cheti kwa makini saa mbili usiku.

Nawe msomaji, ukienda famasi beba maboksi ya dawa unazotumia, au yapige picha kwa simu. Kijana mwenye koti jeupe akianza kukuuliza dawa ni ya nani, ni mjamzito au la, umekunywa nini tangu jana, usimwambie anakuchelewesha. Mjibu mpaka amalize. Na ukikabidhiwa dawa bila kuulizwa hata swali moja, usilipe bado. Omba kuonana na mfamasia.